Muhuri Uliotangulia Namba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, na Jumamosi iliyopita wewe ulinirudishia yote pale Luzira, nyumbani kwa baba yako, mbele ya wageni na sahani zao za pilau.

Unakumbuka ilivyokuwa. Keki ilikuwa imekwisha kukatwa, shangazi zako wamekuvisha mashada mpaka shingo haionekani. Baba yako akasimama na sare zake za magereza, zimepigwa pasi za siku ya gwaride, akakukabidhi kiboksi kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Ndani mlikuwa na muhuri. Jina lako, chini yake "Mhudumu wa Dharura", chini yake tena "Namba ya Usajili", halafu tarakimu zimejipanga. Baba yako akasema kwa sauti ya kambini, "Mutoto yangu sasa ni musawo kamili! Akigonga hii, gavumenti nasikia." Watu wakakupigia makofi, tabibu wao. Wewe ukaugonga kwenye karatasi ya kufutia mikono, ikazungushwa meza kwa meza kila mtu aione.

Mimi sikupiga makofi. Nilimwona mama yako akinikata jicho, na najua alichofikiri: bibi huyu amezeekea kwenye ambulensi, sasa ana wivu na watoto. Wacha afikiri. Karatasi iliponifikia nilikuuliza kwa sauti ya chini usajili wako umetoka lini. Ukacheka. Ukasema, ukiniita bibi kwa lugha ya kwetu kama unavyowaita wazee wote, "Bado, jajja, lakini ni wiki mbili tatu tu. Hiyo ni namba ya cheti cha chuo. Bosi wa ambulensi kule Kawempe amesema nianze Jumatatu, wiki ijayo ikiisha, tutabadilisha baadaye."

Nikaipitisha karatasi kwa jirani yangu. Sikuendelea kwa sababu ilikuwa sherehe yako na baba yako alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu tufahamiane. Lakini nimekaa nayo siku tatu, na hasira haijapoa, basi nakuandikia. Ukiona maneno yangu ni makali, jua kwamba ukali wenyewe kwanza ni juu yangu mimi.

Maana nami nilipewa muhuri kama huo, mwanangu. Ule ule, ila wangu ulikuwa na mpini wa mbao.

Nilizaliwa na kulelewa katika kambi ya jeshi Makindye. Baba yangu alikuwa sajenti, mtu wa kaskazini, mwenye kuswali swala tano. Mama yangu alikuwa mtu wa rozari, na alikuwa na meza ya kuuzia chai karibu na lango la kambi. Baba alipofariki ni chai hiyo iliyonisomesha. Wakati huo hapa kwetu mafunzo ya kazi ya ambulensi yalikuwa shida kupatikana, nikaenda kusomea Nairobi. Niliporudi na diploma yangu, mama aliitundika ukutani kati ya picha ya baba na picha ya Bikira Maria, na kila mnywa chai alipelekwa ndani kuiona.

Wiki moja baadaye akaniletea muhuri. Alikuwa amekwenda mjini mwenyewe, na diploma ameifunga kwenye leso. Fundi wa mihuri akamwuliza namba ya usajili. Mama yangu hakujua usajili ni kitu gani. Aliona namba kwenye kona ya diploma, akamwonyesha. Namba hiyo ilikuwa ya mwanafunzi, aliyopewa kila mtu aliyepita chuoni pale, hata waliofukuzwa. Fundi akaichonga.

Mama simlaumu hata kidogo. Yeye aliona namba, mimi nilijua ni namba ya nini. Niliujua uongo ule tangu siku niliyoupokea, nikamkumbatia mama, nikautia mfukoni.

Maombi yangu ya usajili nilikuwa nimeyapeleka. Kwa kuwa nilisomea nje ya nchi, ofisi ilitaka barua kutoka chuoni, kisha nakala iliyothibitishwa, kisha picha nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na kivuli. Mara tatu nilipanga foleni asubuhi nikaambiwa mwenye faili ametoka. Ndiyo, nilikasirika, na mpaka leo nakasirika. Kijana amesoma miaka mitatu, anajua kumrudisha mtu pumzi, mnamfanya azunguke kutafuta mwenye faili! Sitakudanganya kwamba ofisi hizo ni za malaika. Lakini hasira ile niliipeleka pasipostahili. Badala ya kwenda mara ya nne, nilikaa.

Nilikaa kwa sababu nilipata kazi. Kulikuwa na kampuni moja ndogo ya ambulensi, mwenyewe ni askari mstaafu aliyemfahamu marehemu baba. Nilimweleza kwamba namba yangu bado haijatoka. Akaangalia muhuri, akaucheka ule mpini wa mbao, akasema, "Sasa weye nangoja nini? Namba iko hapa. Mugonjwa naweza kusoma namba? Gonga tu, kazi iendelee."

Nikagonga. Siku ya kwanza niligonga nimewapa watu mgongo. Siku ya tano sikugeuka tena. Baada ya miezi miwili nilikuwa nagonga huku nikipiga soga na dereva. Ofisi ya usajili nikaisahau kabisa. Nilibadilisha hata laini ya simu, na haikunijia akilini kwamba kuna mtu kule mwenye namba yangu ya zamani. Hilo la simu lishike, nitalirudia.

Sasa nisikilize vizuri.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, jua kali, barabara ya kushuka kutoka Makindye. Tulipigiwa kwamba mwanamke amegongwa na gari. Tukamkuta pembeni ya mtaro, vitenge vyake vimetawanyika barabarani, kwa kuwa alikuwa mchuuzi, Mkongo wa upande wa mashariki aliyekimbia vita, anapita nyumba kwa nyumba na robota lake kichwani. Walimwita Mama Neema. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika vibaya chini ya goti, mfupa nje, damu inaruka. Nilimfunga juu ya jeraha, nikakaza, nikamwekea banzi, nikaongea naye wakati wote asilale. Kazi ile niliifanya vizuri, nasema bila aibu. Daktari aliyempokea hospitali alisema dakika tano zaidi na mama yule asingefika.

Na dereva aliyemgonga nilimwona. Alikuwa kijana aliyevaa vizuri, ameegemea gari lake jeupe ili asianguke. Saa nne asubuhi ananuka waragi! Alinijia mpaka usoni kunieleza kwamba mwanamke ndiye aliyejirusha, na maneno hayakushikana. Dereva wetu alikuwa nyuma anatoa machela, hakumkaribia. Kabla polisi hawajafika rafiki zake wakaja na gari lingine wakamchukua. Alijipeleka kituoni jioni, ameoga, amepiga mswaki, na wakili pembeni.

Lakini mimi nilikuwa nimeandika. Kwenye fomu ya mgonjwa, chini ya mazingira ya ajali, niliandika saa, mahali, na kwamba dereva ananuka pombe, anayumba, hawezi kusimama bila kushikilia gari. Nikatia sahihi. Nikagonga muhuri. Watu walikuwa wengi pale barabarani, lakini nani angeacha genge lake akashinde mahakamani kwa ajili ya mkimbizi asiyemjua? Karatasi yangu ndiyo iliyokuwa shahidi pekee aliyeandika ulevi ule ukiwa bado mbichi. Mwendesha mashtaka aliniambia hivyo waziwazi. Aliniambia, "Dada, kesi hii ni fomu yako."

Mguu wa Mama Neema ulikatwa. Alikuja mahakamani na magongo, akakaa benchi la mbele, na nilipopanda kizimbani akanitikisia kichwa, kama mtu anayemwona ndugu yake amefika.

Wakili wa yule kijana hakuniuliza juu ya pombe. Hakuniuliza juu ya gari. Aliinua fomu, akauliza kwa Kiingereza laini, cha mtu asiye na haraka, kama muhuri huu ni wangu. Nikasema ni wangu. Akauliza namba hii nimeipata wapi.

Mwanangu, nilimwangalia mwendesha mashtaka, naye alikuwa ananiangalia mimi. Wakili akatoa barua. Ofisi ya usajili ilikuwa imemwandikia kwamba katika daftari lao hakuna mtu mwenye namba hiyo, wala haijawahi kutolewa kwa yeyote. Akaisoma polepole. Halafu akasema, mheshimiwa hakimu, ikiwa shahidi huyu ameandika uongo kuhusu yeye mwenyewe, juu ya jina lake mwenyewe, mahakama itaaminije alichoandika kuhusu mteja wangu?

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijaribu kueleza kwamba ni namba ya chuo, kwamba maombi yangu yako ofisini, kwamba mwenye faili alikuwa ametoka. Hakimu aliuliza jambo moja tu: nilipogonga muhuri ule, nilijua si namba ya usajili? Nikasema nilijua. Fomu ikawekwa kando. Baada ya hapo kesi haikuwa na miguu, na kabla ya mwezi kwisha yule kijana aliachiwa huru.

Siku ya kuachiwa nilikuwa ukumbini nje. Alipita na jamaa zake wanacheka, akanitambua, akarudi hatua mbili. Akanishika mkono. Akasema, kwa adabu kabisa, "Weebale nnyo, musawo." Alinishukuru! Mlevi aliyemkata mama wa watu mguu alinishukuru mimi kwa kazi niliyomfanyia. Mkono ule niliuosha kwa sabuni mpaka ngozi ikaniuma, na hata sasa nikiandika haya moto unaniwaka kifuani.

Unadhani umesikia baya lote. Bado.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya usajili, ile safari ya nne niliyokataa kuifanya. Nilikwenda kujisema mwenyewe kabla sijaitwa. Karani alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Akasikiliza jina langu, akavuta droo, akapekua, akatoa bahasha. Akasema, "Cheti chako kimekaa hapa tangu zamani. Tulipiga simu tukachoka, haipatikani." Nikakifungua. Jina langu, namba yangu, muhuri wa kweli. Nikatazama tarehe. Kilitolewa siku kumi na tisa kabla ya ajali ya Mama Neema.

Umeelewa, mwanangu? Asubuhi ile ninamfunga mama yule damu, nilikuwa mtu halali. Namba yangu ilikuwa hai, imeandikwa katika daftari la ofisi, imelala kwenye droo mwendo wa nusu saa kutoka nilipokuwa. Ningeiandika kwa kalamu tu, hata bila muhuri, wakili yule asingekuwa na la kusema. Nilikosa kwa sababu uongo ulikuwa unanitosha. Muhuri wa mama ulinifanya nisihitaji kuuliza kama wa kweli umetoka.

Nilikaa chini palepale sakafuni, mbele ya foleni ya watu, nikalia. Karani akatoka nyuma ya meza akaniinua. Nikamweleza yote. Hakunibembeleza. Alisema, "Itabidi niwafikishie wakubwa jambo hili, unajua?" Nikasema najua. Walinisimamisha mwaka mzima, na mwaka ule niliuza chai kwenye meza ya mama. Mama hakuwahi kuniuliza muhuri uko wapi. Nadhani mtu alikuwa amemwambia, na hilo pia liliniuma.

Kwa Mama Neema nilichelewa kwenda, kwa woga. Nilimkuta chumbani kwake, bondeni chini ya Makindye, ameketi na cherehani ya mkono. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli nilitaka anitukane. Akanipa kiti. Akaniwekea chai. Nilipomaliza kuomba msamaha akakata uzi kwa meno, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambamo bongo maana yake ni uongo:

"Ile siku mikono yako ilifanya kazi ya kweli. Njo maana mi niko muzima. Sasa juu ya nini karatasi yako ilisema bongo?"

Nikaweka kikombe chini. Akageuza kitambaa, halafu akasema, "Weye ulinisaidia barabarani, kisha ukaniacha kule mbele ya juji." Akaendelea kushona. Huyo ndiye mzee aliyenifunza kazi, mwanangu, na alikuwa amenizidi miaka sita tu.

Sasa wewe unaniambia wiki mbili tatu, tutabadilisha baadaye. Na bosi wako amesema uanze! Mabosi hawa nawajua, wamebadilisha magari tu. Waulize siku ya mahakama watasimama wapi. Wangu alimwambia mwendesha mashtaka kwamba yeye hakujua lolote, msichana alikuja na muhuri wake. Alisema hivyo nikiwa nimesimama mbele yake. Na wewe Jumatatu utamwamini huyo wa Kawempe, kwa sababu amekupa fulana yenye jina lako mgongoni!

Usiende kugonga muhuri ule. Ukitaka kwenda, nenda uwe msaidizi, beba machela, shika mtungi wa oksijeni, jifunze barabara, na fomu atie sahihi mwenye namba. Mwambie bosi hivyo siku ya kwanza, mbele ya dereva asikie. Akikataa, rudi nyumbani ukale ugali wa mama yako bila aibu. Mwenye namba naye akikuambia tumia yangu, sisi ni ndugu, mkatalie. Siku yako itakapofika na wengine wakakuomba ya kwako, wakatalie pia, hata awe mwenzako wa darasa, hata akikuita mchoyo. Anayelala kitandani hospitali ana haki ya kujua ni mikono ya nani iliyomshika.

Ofisini nenda wewe mwenyewe. Usitume mtu, usingoje simu. Wakikuambia mwenye faili ametoka, uliza jina lake na siku anayorudi, uandike mbele yao. Ukibadilisha laini, siku hiyohiyo wape mpya. Na cheti ukishakipata usidhani umemaliza. Leseni ya kazi inahuishwa kila mwaka, na wanataka kuona umehudhuria masomo. Kaa darasani kweli. Nawaona vijana wanaotia saini kwenye orodha ya mahudhurio wakatoka kwa mlango wa nyuma, au wanasainiana watatu kwa kalamu moja, kisha wanajiona wajanja. Nikiwaona damu inanichemka. Tangu mwaka ule wa meza ya chai sijachelewa kuhuisha hata mara moja, na mwaka nilioumwa malaria nilipelekwa kwa bodaboda nimejifunga blanketi, karani akidhani nimekuja kufia pale.

Baba yako usimgombeze. Alikupa anachojua kukupa. Mwambie kwa upole kwamba muhuri utakaa kabatini mpaka siku yake, na kwamba namba ya chini itachongwa upya. Yeye ni mtu wa magereza, amewaona watu wengi waliofungwa kwa karatasi za uongo, atakuelewa kuliko unavyodhani.

Jumatatu asubuhi nitakuwa nakungoja kwenye kituo cha taksi cha kwenu, nimevaa viatu vya kusimamia foleni. Tutakwenda ofisini pamoja, na tutakwenda tena Jumanne ikibidi. Nakuombea, mwanangu, kwa dua ya baba yangu aliyeswali na kwa sala ya mama yangu aliyeshika rozari: mikono yako isichoke, jina lako lisitiliwe shaka, na kila utakayemwokoa barabarani ukaweze pia kumsimamia mbele ya hakimu. Na siku utakayokuja kwangu na namba yako halali, ukaugonga muhuri mpya kwenye karatasi yoyote, hata ya kufutia mikono, makofi niliyokunyima Luzira utayapata, nami nitapiga nikiwa nimesimama.